Mwana Kupona, mama aliyempamba bintiye kwa wino

Nilikuwa nimekusudia kuyaandika makala haya kwa njia ya kawaida. Ningeanza na kisiwa alikozaliwa Mwana Kupona binti Mshamu, nimtaje mumewe, niutaje mwaka aliotunga utendi wake, kisha nimalizie kwa kumwombea rehema, kama tufanyavyo sisi waandishi kila tuwakumbukapo washairi wetu wa kale. Lakini jambo lililotokea nyumbani kwa dada yangu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, limenirudisha kwenye utendi ule kwa jicho jingine, na hasa pale mama huyo anapomkumbusha bintiye habari ya hina.

Tulikuwa na arusi. Mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu, alikuwa anaolewa, na mimi mjomba nilijitolea kumtafuta fundi wa kumpaka hina. Nilipata wawili. Wa kwanza alikuwa mama mtu mzima wa upande wa Kuze, ambaye alitaka aitwe siku tatu kabla, akasema kazi yake huchukua usiku kucha, na bei yake haikuwa ndogo. Wa pili alikuwa msichana mwenye picha nyingi nzuri katika simu yake. Huyu alitaka nusu ya pesa zile, akaahidi kwamba katika muda wa saa moja bibi arusi atakuwa na maua meusi ti kutoka kwenye ncha za vidole hadi kwenye viwiko. Nikamchukua wa pili. Niliona nimefanya biashara njema, na tena nikajisifu barazani.

Siku ya nne baada ya arusi nikaitwa. Mikono ya mtoto ilikuwa imevimba, na malengelenge yametoka kwa kufuata mchoro wenyewe, ua kwa ua na jani kwa jani, kama kwamba kuna mtu aliyepitisha kaa la moto juu ya kila mstari. Daktari alisema ni rangi. Shangazi yangu, ambaye sasa ni mkongwe na macho hayaoni vyema, hakunigombeza. Alinitaka nikae kitako karibu naye, kisha akaniuliza kwa upole: mimi niliyezoea kuwasomea watu utendi wa Mwana Kupona, nilidhani mama yule alipoitaja hina alikuwa akisema juu ya rangi peke yake? Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu.

Mtu wa kisiwa cha mafundi

Mwana Kupona alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Msomaji wa Mombasa ambaye hajafika huko asidhani kwamba Pate ni kisiwa cha mji mmoja. Pana mji wa Pate wenyewe, pana Faza, na pana Siyu, na kila mmoja una historia yake na ugomvi wake na jirani zake. Katika karne ya 19 Siyu ulikuwa mji wa elimu na wa ufundi. Watu wake walifuma nguo, walishona viatu vya ngozi, walichonga milango na viti, na walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba pambizo zake kwa maua na minyororo ya wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Misahafu ya Siyu hata leo inawashangaza wataalamu wa dunia nzima kwa uzuri wa mapambo yake.

Nalitaja jambo hili makusudi. Mwana Kupona aliishi mahali ambapo mkono wa fundi ulikuwa na heshima. Ua lililochorwa pambizoni mwa msahafu, ua lililochongwa juu ya mlango, na ua lililochorwa kiganjani mwa bibi arusi, yote hayo yalikuwa mbele ya macho ya watu walewale, na kila moja lilikuwa na mwenyewe aliyejifunza kwa mwalimu.

Mumewe alikuwa Bwana Mataka, shekhe wa Siyu, na Mwana Kupona ndiye mke aliyemwoa mwisho. Bwana Mataka alikuwa simba. Sisi wa Mombasa tunajua vyema kwamba mji wetu, baada ya Wamazrui kupambana kwa miaka mingi, uliingia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837. Siyu haukukubali upesi hivyo. Mwaka 1843 Bwana Mataka aliukataa utawala wa Sayyid huyohuyo, na mwanzoni mwa mwaka 1844 Sayyid alishusha jeshi lake Faza, watu wapata 2,000. Walipokuwa njiani kwenda Siyu waliviziwa na kupigwa, wakarudi nyuma, na baada ya majuma machache Sayyid akatweka matanga akaenda zake. Siyu ulikuja kutiishwa mwaka 1863, wakati wa mwanawe, Sayyid Majid.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa mume wa Mwana Kupona. Nje ya nyumba palikuwa na vita, fitina na majahazi ya askari. Ndani ya nyumba, kwa ushuhuda wa mke mwenyewe, palikuwa na amani. Katika utendi wake anasimulia kwamba waliishi bila ya kukosana, na kwamba mume alipofikiwa na mauti alimshukuru mkewe na kusema yuko radhi naye. Walijaaliwa watoto wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamke ndiye Mwana Hashima, ambaye jina lake tunalijua leo kwa sababu mama yake alimwita akae kitako ausikilize usia.

Wino na karatasi

Ilikuwa mwaka 1275 wa Hijra, yaani mwaka 1858 wa Miladi. Bwana Mataka alikuwa amekwisha kufa. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yamemkalia mwaka mzima. Alijua hali yake. Mbele yake alikuwapo binti kijana ambaye baba hana tena, na mama naye yumo katika kuondoka. Nani atamfunza mambo ya nyumba? Nani atamwonyesha namna ya kukaa na watu? Nani atampamba siku atakapopambwa?

Mama wengine wangelia, na hapana shaka yeye pia alilia. Lakini alifanya jambo jingine. Alimtaka binti asogee karibu, aje na wino na karatasi, kwani moyoni alikuwa na maneno aliyotaka kuyasema. Naomba msomaji alitazame jambo hilo kwa makini. Binti aliamriwa alete wino na karatasi, na mwaka ulikuwa 1858. Wako watu wanaodhani kwamba wanawake wa pwani wa zamani walifungiwa uani wasijue alifu wala bee. Mama yule alijua kutunga kwa mizani minane, vipande vinne kila ubeti, vitatu vikipatana vina na cha nne kikiubeba utendi mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo si ujuzi wa mtu aliyefungiwa mlango wa elimu.

Mwanzoni kabisa mwa usia wake, kabla ya kufundisha lolote, Mwana Kupona anamwambia binti kwamba anampa hirizi ya kuifunga kwa uzi. Tena anasema anamtungia kidani cha lulu na marijani akivae shingoni. Hirizi hiyo haikuwa ya ngozi, wala kidani hakikuwa cha sonara. Ni maneno yake. Usia wenyewe ndio pambo. Mama aliyekuwa hana nguvu za kusimama alimpamba bintiye kwa kitu alichokuwa nacho, nacho ni wino.

Nilipokuwa mtoto chuoni tuliandika mbao zetu kwa kalamu ya tete, na mwalimu alituonyesha namna kombe linavyoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa. Tangu siku hizo nilijua kwamba wino unaweza kuingia mwilini. Lakini sikuwahi kulihusisha jambo hilo na Mwana Kupona mpaka nilipoiona mikono ya mpwa wangu. Kinachopakwa juu ya mwili wa mtu kinaingia ndani yake, kiwe ni dawa au kiwe ni sumu, na kwa hiyo yule anayekipaka amebeba amana.

Usia wenyewe

Beti za utendi huu zapata 102. Baada ya utangulizi, Mwana Kupona anampa binti mambo ya dini yake, adabu, ukweli wa ulimi, na heshima kwa watu. Anamhadharisha na umbeya na kukaa na wapumbavu. Anamweleza kwamba radhi anazohitaji ni za watu watano, yaani Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Halafu anaingia katika mambo ya ndoa, na hapo ndipo utendi huu ulipopatia sifa na lawama zake zote.

Anamtaka binti amtii mume, asitoke bila ruhusa yake, ampepee alalapo, wala asimwamshe kwa kelele. Msomaji wa leo, hasa binti aliyesoma na ana kazi yake, hukunja uso afikapo hapo. Nami simlaumu. Yapo pia maneno kuhusu watumwa, ambayo yanatukumbusha kwamba nyumba za kiungwana za zama zile zilisimama juu ya mabega ya watu wasiokuwa huru, na haifai kulificha jambo hilo kwa kulipaka marashi.

Lakini yuko mama mwenye akili nyuma ya maneno yale. Tazama anavyomfananisha mume na mtoto mchanga asiyejua kusema, ambaye mlezi ndiye anayepaswa kujua anachotaka. Mke wa simba wa Siyu, aliyemrudisha Sayyid majini, anamwambia bintiye kwamba mwanamume ndani ya nyumba ni wa kulelewa. Kila nilipousoma ubeti huo mbele ya akina mama wa hapa Mombasa, nimewasikia wakicheka chini ya buibui zao, na kicheko chao si cha watu waliotiishwa.

Hina isiyokoma

Kisha yanafuata mapambo. Nyumba ifagiliwe, isikae uchafu hata mara moja. Kichwa kisukwe. Miguuni mwingie vikuku, mikononi makoa. Kidani na kifungo visitoke shingoni. Mwili usikose harufu ya marashi na dalia. Vidoleni pete, machoni na nyushini wanja, na hina isikome kabisa.

Shangazi yangu aliniuliza juu ya hapo. Hina isiyokoma ni hina ya namna gani? Ile niliyomnunulia mpwa wangu isingeweza kuwa isiyokoma. Mara moja tu ilimtosha, na daktari amemwambia asiiguse tena maisha yake yote.

Hina aliyoijua Mwana Kupona ni jani. Nyanya yangu alikuwa na mhina nyuma ya nyumba. Majani yalichumwa, yakaanikwa kivulini, yakatwangwa kinuni na kuchungwa kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama poda. Yalikandwa kwa maji ya ndimu na chai ya rangi, yakalazwa usiku, na asubuhi yalitoa harufu ya nyasi iliyonyeshewa mvua. Akina mama waliokuwa wakitwanga ndio waliokuwa wakiimba beti za Mwana Kupona, na mimi mtoto nilizishika hapo kabla sijaziona kitabuni. Hina ilikaa mkononi usiku kucha, imefungwa vitambaa. Ilipobanduliwa rangi ilikuwa ya chungwa, na ikazidi kuiva kwa siku mbili mpaka ikawa kahawia iliyokolea kama ganda la ukwaju. Ikififia, hupakwa tena, na hakuna aliyedhurika. Hiyo ndiyo hina inayoweza kuamriwa isikome.

Mikono ya leo

Ukitembea leo kutoka Ngomeni ukashika Ndia Kuu, ukaingia Kibokoni, kisha ukatokea Marikiti penye wauza viungo, utaona mikono ya kila mtindo. Upo mchoro wa Kihindi, uliojaa pomoni kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko, na ndani yake tausi na zile korosho tunazozijua kwenye leso. Upo wa Kiarabu wa Ghuba, wenye maua makubwa na nafasi nyeupe, ukishuka kwa mshazari kutoka kifundoni hadi kidole kimoja. Upo wa Kisudani, wenye maua mazito meusi na ncha za vidole zilizochovywa zote. Na upo wetu wa pwani, ambao maua huzungushwa mstari mweusi wa piko, na ndani yakajazwa hina nyekundu. Zamani mchoro ulitiwa kwa kijiti. Sasa hina hukamuliwa kutoka katika kifuko kilichosokotwa kama cha njugu, na fundi mwepesi humaliza mkono wakati muadhini anaadhini.

Siyalaumu mapambo mapya. Mji wetu ni bandari, na kila tanga lililoingia lilileta ua lake. Tatizo ni huo weusi. Piko si jani. Piko ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali ambayo wataalamu huiita kwa kifupi PPD. Huko Ulaya sheria huiruhusu katika rangi za nywele tu, tena kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, wala hairuhusu ipakwe kwenye ngozi. Fundi anayetaka mchoro mweusi wa haraka huikoroga kwa wingi kuliko kiwango hicho, na ngozi ya mtu humeza. Wengine hawaoni kitu mara ya kwanza. Wengine huwashwa siku hiyohiyo, na wengine baada ya siku kadhaa au hata majuma mawili. Malengelenge hufuata mchoro, na yakipona huacha kovu lenye umbo la ua. Lililo baya zaidi ni kwamba mwili ukishaikataa dawa hiyo, huikataa daima. Mtu huyo akizeeka hataweza kutia rangi mvi zake bila ya hatari.

Mpwa wangu ana miaka 23. Kovu liko kwenye mkono wa kulia, ule aliopewa pete.

Fundi ni nani?

Hapa ndipo ninapotaka kurudi kwa Mwana Kupona, kwani naamini alikuwa akitufundisha namna ya kuchagua fundi, ingawa hakuusema mji wala jina. Alikuwa na binti wa kupambwa, na akatafuta wa kumpamba. Katika Siyu nzima, na mafundi wake wote, hakumkabidhi mtu kazi hiyo. Aliifanya mwenyewe, akiwa mgonjwa, kwa sababu alijua anachokitia ndani yake. Kila neno alilijua linatoka wapi. Hilo ndilo swali la kwanza la kumwuliza fundi wa hina: ndani ya hina hii mna nini, na nani aliyeikanda? Fundi wa kweli hujibu kabla hujamaliza kuuliza, tena hukupa uinuse. Hina ya kweli ina harufu ya majani, labda na mafuta ya karafuu au ya mkaratusi. Ikinuka dawa kali ya nywele, ondoka. Na asiyetaka kusema, mwache na siri yake.

La pili ni saa. Mwana Kupona hakumfunza bintiye kwa siku moja. Aliandika maneno ya kusomwa tena na tena. Hina nayo inataka muda. Mtu akikuahidi weusi wa saa moja, anakuuzia rangi ya nywele. Haraka yangu mimi ndiyo iliyomchoma mtoto.

La tatu ni ushahidi. Picha ya simu ni uzuri wa mkakasi, nje maridadi, ndani kipande cha mti. Usitazame picha, tazama mikono. Omba uonyeshwe mwanamke aliyepakwa na fundi huyo juma lililopita, umwulize usiku ule alilalaje. Yule mama wa Kuze hakuwa na picha hata moja, lakini nusu ya mabibi arusi wa mtaa wake wamepita mikononi mwake. Chema chajiuza, na mimi nikaifuata kilichojitembeza.

La nne ni kujaribu. Fundi atie tone moja nyuma ya sikio au ndani ya mkono, kisha msubiri siku mbili. Mtoto mdogo asitiwe piko kabisa, na mtoto mchanga asipakwe hata hina, kwani wako watoto wa pwani waliozaliwa na upungufu katika damu yao ambao hina halisi huweza kuwavunjia chembe za damu. La tano ni kumchukua fundi kwa mkono wake. Mwenye mkono wa Kihindi usimlazimishe Kisudani. Kila mtu ana chuo chake.

Najua pia kwamba vijana wetu wengine siku hizi hawatosheki na hina, hutaka tatuu ya sindano. Sisi tuliopita chuoni tulifunzwa kwamba alama ya sindano isiyofutika haifai, na mimi nabaki hapo. Lakini siwezi kujifanya sioni, wala alama za mwili si jambo geni nchini mwetu. Jirani zetu Wamakonde wa Kwale, waliotambuliwa rasmi kuwa raia wa Kenya mwaka 2016, wana wazee waliochanjwa nembo usoni, na aliyechanja alikuwa fundi maalumu, hakuwa mpita njia. Basi hata huko kwenye sindano swali ni lilelile. Sindano imefunguliwa mbele yako? Wino umetiwa katika kikombe kipya? Mkono umevaa glovu? Sindano iliyotumika huweza kubeba homa ya ini na virusi vya ukimwi. Na tena hina ikikosewa hufutika, ila ile ya sindano utazikwa nayo.

Pambo lililobaki

Mwana Kupona hakuishi sana baada ya usia wake. Alifariki miaka michache baadaye. Makoa yake hatunayo, wala kidani, wala vikuku. Kilichobaki ni utendi, na ulibaki kwa sababu yeye mwenyewe mwishoni aliwaita wanawake wote wausome, si bintiye peke yake. Wakauchukua. Waliunakili, wakaukariri uani na jikoni, katika kutwanga na katika kusuka, ukatoka Pate ukaingia Lamu, ukashuka Mombasa.

Wasomi walikuja baadaye. Mwingereza Alice Werner, bibi aliyeipenda lugha yetu kwa dhati, aliuchapisha katika kitabu cha wasomi huko Marekani mwaka 1917, na mwaka 1934 akautoa tena pamoja na William Hichens. Katika zama hizo ndipo Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga milango na fundi wa khati aliyefariki mwaka 1945, alipokuwa akiwanakilia wataalamu tenzi za kale kwa mkono wake mzuri. Mwaka 1971 J. W. T. Allen aliutia katika mkusanyo wake wa tenzi. Na hapa mjini kwetu marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alitumia umri wake kutufafanulia maneno ya Kiamu cha kale ambayo vijana walikuwa wamekwisha kuyapoteza.

Wote hao walifanya kazi kubwa. Hata hivyo naona kwamba shangazi yangu, asiyejua chuo kikuu wala mkusanyo, aliusoma utendi ule vizuri zaidi kuliko mimi. Mimi nilikuwa nikihesabu mizani. Yeye alikuwa akimwona mama mgonjwa aliyekataa kumwacha bintiye apambwe na mkono asioujua.

Juma lililopita nilikwenda tena Kibokoni. Nilichukua majani makavu ya hina kutoka Marikiti, nikayatwanga mwenyewe, mwanamume mzima wa miaka hamsini na kitu, huku majirani wakichungulia dirishani. Haikuwa kwa ajili ya mpwa wangu. Yeye daktari amemkataza kupaka chochote mpaka ngozi ipone sawasawa. Ilikuwa kwa ajili ya shangazi, ambaye alisema amechoka kuiona mikono yake mitupu. Mpwa wangu alikaa kando akamshikia siniya. Tulipoanza kumpaka, mkongwe yule aliianza ile sauti ya nyanya yangu, na yule mtoto, kwa mkono wenye kovu, akawa anaupiga mwendo taratibu juu ya siniya. Alikuwa anazijua beti zote. Mimi nilidhani vijana wamezisahau.